Kilichobaki Damuni mwa Mzee Mungai

Inspekta Peres Oloo alikuwa ameona maiti za kila namna, milango iliyovunjwa kwa shoka na waongo wa kila kimo, lakini sindano ilikuwa bado inamshinda. Ijumaa hiyo asubuhi, ndani ya maabara moja ya mtaa wa Loresho yenye baridi ya kutosha kuhifadhi nyama, alikuwa amekunja mkono wa blauzi na kugeuza uso ukutani.

"Umefumba macho," alisema Daktari Njambi.

"Ninaomba."

"Omba basi ukiwa umelegeza mkono, madam. Ukikaza hivyo damu haitoki."

Ilitoka. Njambi aliitazama kwenye kichupa kwa furaha ambayo Peres aliiona haina adabu. Daktari huyo alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Riruta, mwenye viatu vya raba na koti jeupe lililochakaa kwenye viwiko. Baada ya masomo yake ng'ambo alirudi nyumbani na kuanza kutengeneza vipande vidogo vya silikoni, na kwa muda mrefu watu wa maana walimcheka.

"Sasa nimekupa," Peres alisema akibonyeza pamba. "Niambie ni ya nini. Mimi nimekuletea damu ya Mzee Mungai, sikukuletea yangu."

Damu ya Mzee Mungai ndiyo iliyokuwa imebaki ya kutegemea. Mzee huyo, mwenye nyumba za kupangisha kule Riruta, alifikishwa katika zahanati ya mtaani akitokwa jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Muuguzi alimtoa damu, akaizungusha kwenye mashine na kuigandisha. Mzee alikata roho kabla ya gari la wagonjwa kufika. Kipimo cha kwanza kilionyesha insulini nyingi kupita kiasi, na kwa kuwa Maurine, mama aliyemtunza, ndiye aliyekuwa akimdunga insulini yake kila asubuhi, polisi hawakujisumbua kufikiri zaidi. Jumatatu Maurine angesomewa shtaka la mauaji. Insulini ilikuwa yake, sindano zilikuwa zake, na mkono ulikuwa wake. Mkubwa wa Peres, Chifu Inspekta Mutinda, alikuwa ameshaanza kuiita kesi hiyo "ile tuliyomaliza."

Peres hakuwa ameimaliza. Kilichomkera ni kwamba muuguzi wa zahanati alikuwa amesema, katikati ya maneno mengine, kwamba mdomo wa Mzee ulikuwa unanata asali. Mtu anayeua kwa insulini hampaki marehemu wake asali.

"Kile kipimo cha kwanza kilihesabu tu insulini zote pamoja," Njambi alieleza. "Kilisema ziko nyingi, hakikusema ni insulini gani. Na kuziangalia moja moja ndani ya damu ni kazi ngumu. Damu imejaa protini kubwa kubwa. Kuna moja inaitwa albumini, hiyo peke yake ni zaidi ya nusu. Ukiweka damu hivyo tu kwa mashine, inaona albumini, albumini, albumini. Hiyo insulini kidogo inamezwa hapo."

"Kwa hivyo unazitoa hizo kubwa."

"Na hii."

Kwa kibano, Njambi aliinua kitu ambacho Peres alidhani ni kipande cha kioo cha simu kilichovunjika. Hakikuzidi ukucha wa kidole gumba. Kilipogeuzwa kwenye mwanga kilitoa rangi za kijani na zambarau, kama mafuta yaliyomwagika barabarani mvua ikinyesha.

"Hiyo ndiyo chipu?"

"Hii. Juu yake kuna vitundu vidogo sana, huwezi kuviona hata na darubini ya shule. Nimevichimba kwa saizi ninayotaka. Protini kubwa haziingii. Insulini ni ndogo, inaingia na kunaswa. Halafu naosha, kubwa zinaenda na maji, naitoa ile imenaswa naipeleka kwa mashine ya kupima uzito wa chembe."

"Ni chekecheo, basi."

"Ni kama hicho. Ukichekecha unga unatupa kile kimebaki juu, si ndiyo? Hata mimi natupa cha juu. Lakini wewe utaona mashimo. Hapa hutaona kitu, utaamini tu." Alicheka. "Na kwa sababu korti haiamini tu, ndio nimekutoa damu. Nataka sampuli tatu. Damu yako vile ilivyo, damu yako nikiwa nimetia tone la ile chupa mlichukua kwa Maurine, na damu ya Mzee. Wakili akisimama kusema chipu yangu inaona vitu havipo, nitamwonyesha damu yako ikiwa safi. Akisema haioni vitu viko, nitamwonyesha ile ya pili."

Peres alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefanya kazi na wataalamu wengi waliotaka kuaminiwa kwa sababu ya vyeti vilivyo ukutani. Huyu alikuwa amejiandalia maswali ya adui yake kabla adui hajaamka. Peres akampenda papo hapo.

Alikaa kwenye kigoda na kutazama. Tone liliwekwa juu ya chipu kwa mkono usiotetemeka, likaachwa, likaoshwa mara kwa mara. Maji ya kuoshea yaliingia kwenye chupa ya pembeni yakiwa na umanjano hafifu, na humo ndimo zilimoondokea zile protini kubwa zote zilizokuwa zikiziba njia. Kwenye chipu hakukubaki kitu cha kuonekana kwa macho. Njambi alikishughulikia hicho kisichoonekana kwa upole wa mtu anayembeba mtoto mchanga aliyelala.

Mchana mashine ilianza kuchora milima kwenye skrini.

"Hii ni yako," alisema Njambi. "Kilima kidogo, insulini ya mwili wako mwenyewe. Uko sawa, punguza tu chapati. Hii ni yako na tone la chupa. Kilima kilekile, lakini kirefu, kwa sababu dawa ya ile chupa ni nakala kamili ya insulini ya binadamu. Uzito mmoja. Sasa angalia Mzee."

Mlima wa Mzee Mungai ulikuwa mkubwa kuliko yote, na ulisimama mahali pengine.

Peres alisogeza kigoda. "Umehama."

"Umehama. Pale ungekuwa, kama ni chupa ya Maurine, hakuna kitu. Hii ni insulini imebadilishwa kidogo makusudi ifanye kazi haraka. Haiuzwi kwa chupa kama yake. Wengi huinunua ikiwa ndani ya kalamu, unazungusha, unajidunga, unaendelea na maisha yako."

"Unaweza kuapa?"

"Nitarudia mara tatu, halafu naapa."

Peres aliendelea kuutazama mlima ule. "Daktari, hii kazi yako ni ya ajabu."

"Waambie wale hunipatia pesa za utafiti," Njambi alijibu, lakini aligeukia mashine akificha tabasamu.

Mutinda aliposikia kwenye simu, Peres alikuwa tayari kugombana, lakini akakuta swali la haki. "Sawa, Peres. Si ile chupa. Lakini huyo mama angeweza kununua hiyo kalamu mahali. Niletee mtu ako na kalamu."

Maurine alikuwa amezuiliwa katikati ya jiji, kwenye jengo ambalo madirisha yake yalifunguka upande wa honi za magari tu. Alikuja chumba cha mahojiano akiwa amefunga kitambaa kichwani vizuri, kana kwamba yeye ndiye aliyewaita polisi.

"Asubuhi hiyo ulimdunga?" Peres aliuliza.

"Sikumdunga. Nimesema mpaka mate imeisha. Kanisa lao lilikuwa na maombi ya kufunga, na Mzee alikuwa anafunga hadi jioni. Nilimkataza, akakataa. Sasa mtu hajakula, nimdunge ndio nimuue?"

"Ulikuwa naye muda wote?"

"Nilitoka. Nilienda kununua maziwa, ndio jioni akifungua apate uji wa maziwa. Ile mashine ya kuuza maziwa hapo karibu ilikuwa imeharibika, nikateremka mpaka Kawangware. Kurudi nikampata jasho inamtiririka, ananiita Wambui. Wambui ni mamake, alikufa zamani. Nikajua sukari imeshuka. Nikachukua asali nikampaka kwa ufizi, kidogo kidogo asinyongwe nayo. Nikaita mtu wa pikipiki, nikamshika katikati mpaka zahanati."

Peres aliacha kalamu yake mezani. Ndani ya faili nzima hapakuwa na neno maziwa.

"Haya ya Kawangware, umemwambia nani?"

"Nani aliniuliza? Yule askari wenu alisema nionyeshe sindano. Nikamwonyesha. Akanifunga pingu."

"Hata Mwihaki hukumwambia?"

Mwihaki alikuwa binti pekee wa Mzee. Maurine alitazama chini kwa mara ya kwanza. "Mwihaki alinitemea mate hapo zahanati, madam. Hatukufika kuongea." Kisha akauliza, "Wanamzika lini?"

"Alhamisi."

"Watamvalisha suti. Najua watamvalisha suti." Alitikisa kichwa. "Mzee alikuwa anasikia baridi kuliko mtu yeyote. Hata Januari. Kuna sweta hakuwa anatoka bila hiyo. Lakini hiyo sasa si kazi yangu."

Peres aliondoka na vitu viwili. Kulikuwa na muda ambao Mzee alibaki peke yake nyumbani, na hakuna aliyeujua muda huo isipokuwa Maurine, marehemu, na yeyote aliyeingia.

Jumapili alasiri alitoka kwake mtaa wa Jamhuri na kwenda Riruta kwenye mkutano wa mazishi. Turubai lilikuwa limefungwa uani, kati ya nyumba ya Mzee na safu ya vyumba vya wapangaji, na viti vya plastiki vilikuwa vimejaa jamaa na waumini. Konstebo Quincy, aliyevaa kiraia, alibaki nje ya geti karibu na magari.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mbugua, mtoto wa nduguye marehemu, mwanamume nadhifu mwenye shati jeupe na sauti ya kanisani. Ndiye aliyesimamia zile nyumba kwa niaba ya ami yake. Kwenye maelezo yake kwa polisi alisema siku hiyo alishinda mjini tangu alfajiri. Pembeni aliketi Mwihaki, macho yamevimba, na mumewe Clifford, fundi wa lifti kutoka Kisii, aliyeonekana hajui mikono yake aiweke wapi. Wiki moja kabla ya kufa, Mzee alikuwa ameiambia familia kwamba kiwanja chote kitakuwa cha Mwihaki, ingawa karatasi zilikuwa bado hazijatiwa sahihi. Wengine walikohoa, Mbugua akaongoza sala ya kushukuru.

Kwa hiyo Peres alikuwa na watu wawili wa kuangalia, mume wa mrithi na mpwa aliyekosa, na hakuwa na sababu ya kumpekua hata mmoja. Alichokuwa nacho ni chai.

Kwenye sufuria kubwa nyuma ya turubai alisimama Millicent wa chama cha akina mama, mwiko mkononi, akiichunga chai kama mali ya serikali.

"Mama, sukari iko wapi?" Peres alimuuliza.

"Iko ndani. Hapa ni matanga, si hoteli. Sukari nyingi inaingia mara moja, na kila mtu anakunywa. Watu wanalia, lazima wapate nguvu."

"Na mwenye hatumii?"

"Wagonjwa wa sukari walikuwa wawili. Mzee mwenyewe, Mungu amlaze, na mama mkwe wangu. Huyo nampikia yake kando. Wengine wangu wote wanakunywa."

"Nipe basi nikusaidie kugawa."

Mgeni wa kike anayeomba kazi matangani hanyimwi. Peres alizunguka na trei, akatoa pole, na akaangalia midomo. Clifford alikataa kikombe.

"Hunywi, shemeji?"

"Mimi ni Msabato, madam. Majani ya chai hapana. Mama Millicent huniwekea maziwa."

Peres akamfuata kwa macho. Millicent alimpa maziwa ya moto, na Clifford akaomba sukari, akatia kijiko, akatia kingine, akaendelea mpaka Millicent akamnyang'anya kopo na kumwambia atabaki bila meno. Peres akamfuta kichwani mwake. Mwanamume huyo hakuwa na haja ya kujidunga kitu chochote, labda baadaye maishani.

Mbugua alipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru kwa sauti iliyosikika na watu wa nyuma. Alizunguka nacho kila mahali. Alisalimia wazee akiwa nacho, akafungua mkutano akiwa nacho, akainamia akina mama akiwa nacho. Hakikufika mdomoni. Baadaye Peres alikikuta chini ya kiti chake, chai imeganda utando juu.

Huenda hakuwa na kiu. Peres alingoja.

Millicent alipotangaza chakula, watu walipanga foleni ya kunawa mikono. Mbugua, mwenyekiti, aliyepaswa kuwa mbele, alitoka getini hadi kwenye gari lake, akaketi humo kidogo na kurudi. Kisha akala mukimo na nyama kwa hamu kubwa. Peres alimpelekea leso, na ndipo alipoiona. Kwenye shati lile jeupe, juu kidogo ya mshipi, kulikuwa na nukta ya damu ndogo kuliko punje ya mtama.

Alivuta kiti akaketi kando yake, Mwihaki akiwa upande wa pili.

"Pole tena, Bwana Mbugua."

"Asante, madam. Kesho si anasomewa shtaka?"

"Ndiyo mpango. Kuna kitu kidogo nataka kuweka sawa. Siku hiyo wewe hapa hukufika kabisa?"

"Si nilisema. Nilikuwa tao. Mwihaki ndiye alinipigia, na Mzee tayari ako zahanati."

"Maurine anadai alimpaka asali kumwokoa."

"Uongo!" Mbugua aliweka sahani chini. "Huyo mama hakuwa na huruma hata kidogo. Angekuwa nayo angemwachaje mzee wa watu peke yake, mtu amefunga, ati ameenda kutafuta maziwa mpaka Kawangware?"

Peres alikuwa anafungua mdomo. Hakuwahi.

"Maziwa gani?" aliuliza Mwihaki.

Mbugua alimgeukia.

"Mimi sijasikia kitu kuhusu maziwa," Mwihaki alisema polepole. "Polisi walituambia alikuwa hapa asubuhi yote. Wewe ulijuaje alienda Kawangware?"

"Watu... watu wanaongea, Mwihaki. Majirani."

"Jirani gani?" aliuliza Peres. "Mtaje, ameketi hapa hapa. Maana hilo jambo nililisikia Ijumaa, chumbani, nikiwa na Maurine peke yetu. Kabla ya hapo alilijua Mzee, na yule aliyekuja akamkuta Mzee akamwambia, 'Maurine ameenda maziwa, karibu uketi.'"

Mazungumzo ya viti vya karibu yalikuwa yamekatika. Millicent alisimama na mwiko hewani.

"Na shati lako lina damu," Peres aliongeza.

Mkono wa Mbugua ulikwenda tumboni wenyewe, ukafunika pale pale. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha ni wapi.

Ndani ya gari, kwenye mfuko wa kubebea chakula wenye barafu, Quincy alikuta kalamu za insulini. Mkewe Mbugua alizitazama kama mtu anayeonyeshwa nguo za mwanamke mwingine. Hata yeye hakuwa ameambiwa. Mwanamume aliyejiandaa kuwa kichwa cha ukoo hakutaka ukoo ujue ana ugonjwa wa ami yake, na kwa siri hiyo alijiona salama. Nani angetafuta sindano kwa mtu mzima wa afya?

Wakati Quincy anamfunga pingu ndipo sauti ya kanisani ilipomtoka. "Shamba la babu yangu liende kwa nani? Kwa fundi wa lifti?"

Clifford alimshika mkewe mabega, na Mwihaki akalia kilio kilichowafanya hata wapangaji watoke vyumbani.

Usiku huo Njambi alikataa kwenda kulala. Asubuhi alifika mahakamani akiwa na viatu vyake vya raba na picha ya mlima mwingine, wa dawa iliyotoka kwenye kalamu ya Mbugua, uliosimama pale pale uliposimama ule wa Mzee. Kiongozi wa mashtaka aliuliza maswali mawili. Njambi alikuwa na majibu ya matano. Mutinda, ambaye si mtu wa kusifu, alimpisha mlangoni kwa mkono kifuani, na shtaka dhidi ya Maurine halikusomwa.

Nje kwenye ngazi Maurine aliomba kukiona hicho kitu kilichomwokoa. Njambi alifungua kijisanduku. Maurine aliinama juu ya chipu kwa muda mrefu, mikono nyuma, asije akaiharibu.

"Ni haka tu?"

"Ni haka," alisema Njambi.

"Mungu akubariki wewe na mama aliyekuzaa," Maurine alisema, akamkumbatia daktari hadi viatu vya raba vikaachana na ngazi.

Peres alimpeleka Riruta mwenyewe kuchukua vitu vyake. Turubai lilikuwa bado limesimama. Mwihaki alikuwa getini, na ilionekana alikuwa amesimama hapo kitambo. Wanawake hao wawili walitazamana, na Peres, aliyezoea kuuliza, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama Maurine," Mwihaki alisema. "Wanataka nguo leo, kule mochari. Nimetoa suti nyeusi. Nimeikunja, nimeikunjua. Sijui."

Maurine aliweka mfuko wake chini.

"Suti ni sawa," alisema. "Lakini ndani yake wamvalishe ile sweta ya kijani. Iko na kiraka kwa kiwiko, nilikishona mimi."

"Sijui iko wapi."

"Najua hujui. Nipishe nikuonyeshe."

Mwihaki akampisha, kisha akainama, akaubeba mfuko wa Maurine, na kumfuata ndani ya nyumba.